Lori lina bima ng'ambo ya mpaka, mtoto hana

Lori la mahindi linalotoka Kampala kwenda Nairobi huvuka Malaba likiwa na Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo ilianza kutumika mwaka 1987 na kila dereva anaijua kazi yake. Ajali ikitokea ugenini, bima iliyokatwa nyumbani inatambuliwa huko, aliyeumizwa analipwa, na hata matibabu ya dereva na abiria waliomo ndani ya gari yanaingia humo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi imeendelea kuitambua, kwa sababu magari hayangojei wanasiasa wapatane.

Mama anayevuka mpaka huohuo na mabalo mawili ya mitumba na mtoto mwenye mtindio wa ubongo mgongoni hana kadi ya namna hiyo. Gari likipinduka, matibabu ya mtoto yana mlipaji. Mtoto akishikwa na kifafa dakika kumi baada ya kushuka kwenye gari hilohilo, mlipaji ni mama, kwa fedha taslimu, kwa kawaida zile alizotengea mzigo. COMESA imeweza kuikatia bima bampa ya gari ikavuka mipaka kadhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki bado haijamvusha mtoto hata mpaka mmoja.

Tatizo halianzii mpakani. Linaanzia katika namna kila nchi ilivyojijengea mfuko wake wa afya, kila mmoja kwa lugha yake na kwa hesabu zake.

Kenya iliachana na NHIF na kuanza Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, na humo ndimo walimo karibu wafanyabiashara wote wa mpakani, anaulizwa maswali kuhusu nyumba, mifugo na matumizi yake, kisha mfumo unamkadiria. Hakuna anayepangiwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kinachomkwaza mchuuzi ni kwamba fedha hiyo hutakiwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, ingawa upo sasa mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa mkopo. Jambo moja zuri lisipite bila kutajwa: sheria ya mwaka 2023 inamhesabu mtoto mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi kuwa mnufaika hata anapopita umri ambao ndugu zake huondolewa. Wazazi wengi hawalijui hilo, na kwa kutolijua humwacha kijana wa miaka 22 bila kadi.

Tanzania ina NHIF iliyoanza mwaka 2001 na CHF iliyoboreshwa, ambayo mikoa mingi iliitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Kulikuwa pia na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto, iliyosimamishwa mwaka 2023. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kufurahisha wazazi, lakini ilikuwa ya kweli: wengi walimkatia kadi mtoto mgonjwa tu na kuwaacha wazima, na mfuko unaopokea wagonjwa peke yao hauwezi kusimama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huohuo imekuja kurekebisha hilo kwa kuipeleka bima kwenye kaya nzima.

Rwanda ililiona jambo hilo mapema zaidi. Mutuelle de Santé, ambayo tangu mwaka 2015 inaendeshwa na RSSB, haimpokei mtu mmoja mmoja kutoka ndani ya kaya. Wote wanalipiwa au kadi haifanyi kazi. Mwaka wake unaanza Julai 1. Kwenye kituo cha afya mgonjwa anachangia faranga 200, na hospitalini asilimia 10 ya gharama. Asilimia 10 inaonekana ndogo hadi izidishwe mara ishirini kwa mwaka, ambavyo ndivyo mtoto mwenye mgongo wazi anavyoweza kuhudhuria.

Burundi ilifuta malipo kwa watoto walio chini ya miaka 5 mwaka 2006, na Tanzania nayo ina msamaha wa umri huohuo katika vituo vya serikali. Ni msaada mkubwa, ila umekatwa kwa kipimo cha malaria na surua. Mtindio wa ubongo haujui siku ya kuzaliwa. Mtoto anapotimiza miaka 5 msamaha unakoma, na ndipo viungo vinapoanza kukaza, mwili unakuwa mzito kubebwa, na kiti mwendo kinahitajika.

Uganda haina mfuko wa taifa hadi leo. Bunge lilipitisha muswada Machi 2021, lakini sheria haikuzaliwa. Hospitali za serikali zilifuta ada mwaka 2001, hivyo kitanda ni bure; dawa ikikosekana hununuliwa nje. Mwenye uwezo hukata bima binafsi, na hapo asome ukurasa wa mwisho kabla ya ule wa kwanza, kwa kuwa mikataba mingi ya kampuni hizo huacha nje magonjwa ya kuzaliwa nayo au huyawekea miezi ya kungoja. Mzazi anayelipia kwa sababu ya mtoto mwenye tundu la moyo anaweza kugundua siku ya kulazwa kwamba kila kiungo cha mtoto kina bima isipokuwa moyo.

Hizo ndizo bei na milango. Ndani ya milango kuna jambo jingine ambalo mfanyabiashara anapaswa kulielewa kama anavyoelewa forodha, kwa sababu linafanana nayo sana. Mifuko ya sasa haikai tu kungoja ankara ilipe. Inamwongoza mgonjwa. Inachagua vituo vyenye mkataba, inamtaka aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa ya wilaya, kisha ya mkoa, na kwa huduma ghali inataka kibali kabla ya kufanyika. Anayeruka ngazi hujilipia. Rwanda wanalishika hili bila huruma: bila karatasi ya rufaa, na bila dharura, mutuelle hailipi. Lengo lake ni kuzuia kila mwenye mafua asiende kwa daktari bingwa, na kwa mafua utaratibu huo una maana.

Kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu ngazi hizo hupandwa upya kila mara. Mtoto mmoja anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu, mtaalamu wa viungo, fundi wa vifaa na dawa ya kila siku, na kila mmoja ana rufaa yake, kibali chake na tarehe yake ya kuisha. Mganga wa zahanati anayeandika rufaa hiyohiyo kwa mara ya saba hafanyi uamuzi wa kitabibu. Anapiga muhuri. Kuna dawa rahisi ya hili: rufaa ya mwaka mzima kwa mtoto ambaye hali yake imethibitishwa na haitabadilika. Hakuna mfuko utakaofilisika kwa kuacha kuuliza kila baada ya miezi mitatu kama mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi bado anao.

Uchukuliwe mfano wa miguu iliyopinda tangu kuzaliwa. Tiba yake ni ya bei nafuu na huleta matokeo mazuri. Mguu hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, kwanza karibu saa zote na baadaye usiku, hadi afike miaka 4 hivi. Plasta ya kila wiki na soko la kila wiki havipatani. Anayeuza Busia Jumatatu na Alhamisi, na kliniki ya plasta iko Alhamisi, huchagua. Akikosa wiki tatu, kazi inarudi nyuma. Na viatu vile, ambavyo ndivyo vinavyozuia mguu usirudi ulikokuwa, mara nyingi havimo kwenye kitita cha bima ingawa upasuaji umo. Swali la kwanza la kumuuliza ofisa wa bima yeyote lisiwe kuhusu upasuaji. Liwe: vifaa je? Mikongojo, viatu, kiti mwendo, visaidizi vya kusikia, nani anavilipa, na mtoto akikua vikawa vidogo, nani analipa tena?

Halafu kuna simu. Kenya imejenga utaratibu wa kumtambua mwanachama kwa alama za vidole au kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Ni kinga nzuri dhidi ya hospitali zilizokuwa zikidai malipo ya wagonjwa hewa. Lakini mama akiwa Kampala ametoa laini ya Kenya na kuweka ya Uganda, namba ya siri inakwenda kwenye laini iliyo ndani ya pochi, na bibi amesimama kaunta na mtoto anayetapika. Wafanyabiashara wa mpakani huacha watoto kwa bibi, shangazi au dada wa kazi. Katika kaya hizi huo ndio mpangilio wa maisha wa kila wiki. Mtu wa pili aandikwe kwenye mfumo kuwa mlezi anayeweza kumthibitisha mtoto, na mzazi aulize habari hiyo siku ya kujiandikisha. Kuuliza siku ya kulazwa ni kuchelewa.

Dawa nazo zina mpaka wake. Dawa ileile ya kifafa huuzwa kwa majina tofauti ya kibiashara Arusha, Nairobi na Kigali, na mzazi anayetafuta jina la kwenye boksi huambiwa haipo wakati ipo kwenye rafu. Daktari aandike jina halisi la dawa. Fenobabitoni, ambayo ndiyo nafuu kuliko nyingi na hutolewa sana vijijini, iko katika kundi la dawa zinazodhibitiwa kimataifa. Anayeivusha bila cheti cha daktari anaweza kujikuta anajieleza kwa watu wasiojua kifafa ni nini. Kukatiza dawa hiyo ghafla kwa sababu imenyang'anywa au imeisha safarini ni hatari kuliko kuchelewa kwa mzigo wowote.

Yote haya yangekuwa mambo ya kila nchi peke yake kama hospitali zingejengwa kwa kufuata mipaka ya wakoloni. Hazikujengwa hivyo, na watu hawaishi hivyo. Mzazi wa Taveta yuko karibu zaidi na KCMC, Moshi, kuliko hospitali yoyote kubwa ya rufaa ya kwao. Mzazi wa Bukoba au Mutukula anafika Kisubi, kwenye hospitali ya CoRSU inayoshughulikia ulemavu wa watoto, kabla hajafika Bugando, Mwanza. Aliye Bungoma na mtoto mwenye kichwa kikubwa ana Kijabe, mbali ng'ambo ya Bonde la Ufa, au Mbale, ng'ambo ya Malaba, mwendo wa asubuhi moja.

Mbale inastahili kusimamiwa kidogo. Hospitali ya watoto ya CURE iliyopo hapo imejulikana duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya tatizo hilohilo la kichwa kikubwa. Njia ya zamani ni kumwekea mtoto mpira unaopitisha maji ya ubongo kwenda tumboni. Mpira huo unaweza kuziba mwaka wowote, na ukiziba, mtoto anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo haraka sana. Kwa familia iliyo saa kumi mbali na daktari huyo, mpira ni deni la maisha. Mbale, chini ya daktari Mmarekani Benjamin Warf, walikuza njia ya kufungua mkondo mpya ndani ya ubongo kwa kamera ndogo na kuchoma sehemu inayotengeneza maji hayo, ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Haimfai kila mtoto. Lakini ni tiba iliyotafutwa kwa kuwafikiria watu wanaoishi mbali na hospitali, nao ndio hao wanaovuka Malaba na Busia. Mwanachama wa SHA anayelipa michango yake bila kukosa akipeleka mtoto huko, kadi yake inabaki upande wa pili wa geti. Inasomeka Nairobi. Haisomeki kilomita 70 kutoka nyumbani.

Sheria ya kuanzia ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi aliye katika nchi nyingine mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii kama wenyeji, na katika kifungu cha 13 inamruhusu aliyejiajiri kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi aliko, kwa kufuata sheria za nchi hiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoimeza haki yenyewe. Na yanamfaa aliyehamia. Mfanyabiashara wa mpakani hakuhamia. Analala Namanga ya Kenya na kuuza Namanga ya Tanzania. Itifaki inamjua anayehama na inamjua mtalii. Huyu wa katikati, ambaye ndiye anayeibeba biashara ya jumuiya kichwani na kwenye baiskeli, haikumwandikia mstari.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009, unakataza katika kifungu cha 25 kumbagua mwenye ulemavu kwenye bima ya afya. Kampuni inayoandika "hatulipii ulemavu wa kuzaliwa nao" inasomwa na wasimamizi wa bima wa nchi hizo wanapopitisha mikataba. Wasimamizi hao wanadaiwa maelezo.

Wapo watakaosema kufungua mifuko ni kukaribisha mafuriko ya wagonjwa wa jirani. Hofu hiyo isibezwe, kwa kuwa yaliyoikuta Toto Afya Kadi yanaonyesha mfuko unavyoweza kuelemewa. Lakini kinachodaiwa si Uganda imtibu Mkenya bure. Kinachodaiwa ni mfuko wa Kenya ulipe Mbale kiasi kilekile ambacho ungelipa Kijabe kwa upasuaji uleule, na tofauti ikiwapo mzazi aijue mapema. Mfuko haupotezi shilingi. Ulaya imekuwa na kadi ya aina hiyo kwa matibabu ya safarini tangu mwaka 2004, na ilianza ikiwa tayari na nchi 25, si nane.

Wala haihitaji kuanza kwa watu wote. Ianze kwa watoto wenye ulemavu uliothibitishwa. Idadi yao inahesabika, hali zao hazifichiki, na hakuna anayeweza kujifanya ana mgongo wazi ili apate huduma. Hospitali za kuanzia zinajulikana. Kinachokosekana kwanza ni kutambuana vyeti: mtoto aliyepimwa na jopo la madaktari Kenya na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu anaanza kupimwa upya akivuka, kana kwamba ulemavu wake nao unatakiwa kulipiwa ushuru.

Mfano wa jinsi ya kufanya uko mikononi mwa wasomaji wenyewe. Kwa miaka mingi mchuuzi wa nyanya aliambiwa cheti cha uasili wa bidhaa ni cha kampuni kubwa, mpaka ukaja utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000: fomu ya ukurasa mmoja, orodha ya bidhaa iliyobandikwa ukutani, ofisa anayegonga muhuri papo hapo. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani viliupigania kwa miaka. Vituo vya pamoja vya Busia, Malaba, Namanga, Holili, Mutukula na Rusumo vina ofisa wa afya ndani yake tayari. Baadhi vina madawati ya taarifa za biashara. Karatasi moja ya jumuiya kwa mtoto, yenye hali yake, jina halisi la dawa zake, namba ya mfuko wake na simu za walezi wawili, ingeweza kugongwa kwenye madirisha hayohayo bila kujenga ofisi mpya.

Hadi hapo patakapofika, vyama hivyo vina kazi mbili ambazo hazihitaji ruhusa ya Arusha. Ya kwanza ni kuhakikisha kila kaya ya mwanachama imeandikishwa yote, wazima na wagonjwa, nchi inakolala, kabla ya msimu wa malipo kufungwa. Vikoba na sako zinazokopesha mtaji wa dagaa zinaweza kukopesha mchango wa mwaka na kukata kila wiki, na marejesho yake ni salama kuliko ya dagaa. Ya pili ni kwenda kwenye vikao vya kamati za pamoja za mpakani, zile zinazokaa kujadili foleni za malori na mizani, na kuomba suala la watoto hawa liingizwe kwenye ajenda kwa maandishi. Vikao hivyo huandika mihtasari, na mihtasari hiyo hupelekwa wizarani.